Malezi ya Mtoto Baada ya Talaka: Mapatano Yaandikwe Kabla ya Safari

Kuanzia Koyama, Chovai, Chula na Kudha mpaka Ras Kamboni, na kuvuka mpaka hadi Kiunga, Faza na Lamu, ukoo mmoja huwa na nyumba pande zote mbili. Vita vya 1991 viliwapeleka watu wengi wa visiwa hivi Kenya. Wengine walirejea, wengine wakabaki. Kwa hiyo ndoa inapovunjika, mara nyingi mama hubaki upande mmoja na baba upande wa pili, na kati yao kuna bahari na mpaka wa nchi.

Tuchukue mfano. Mume na mke wa Kudha wameachana. Mama anaishi na binti yao wa miaka sita; baba anavua Kiunga. Baba anakuja kumzuru mtoto, anaondoka naye kwa mashua alfajiri, na kusema atamrudisha baada ya wiki mbili. Kusi inaanza, bahari inachafuka, miezi mitatu inapita. Mama anasema mtoto ameibwa. Baba anasema hakuna baba anayemwiba mwanawe. Huenda baba hakukusudia ubaya wowote. Lakini hakuna aliyeandika siku ya kurudi, na sasa ndugu wa pande mbili wanatishiana.

Katika somo hili tunataka jambo moja lieleweke: mapatano yaandikwe kabla mtoto hajapanda chombo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali yahitaji daftari, mtoto je?

Sheria zasemaje?

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa katika pwani hii, malezi ya mtoto mdogo ni haki ya mama kwanza, mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, takriban miaka saba. Hapo huulizwa angependa kukaa na nani. Baba hulazimika kutoa matumizi, mtoto awe kwake au asiwe kwake. Sheria ya Familia ya Somalia ya 1975 iliweka malezi kwa mama mpaka mvulana afikie miaka 10 na msichana miaka 15. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza maslahi ya mtoto. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa: Kenya mwaka 1990 na Somalia mwaka 2015. Mkataba huo unampa mtoto ambaye wazazi wake wanaishi nchi mbalimbali haki ya kuonana nao wote mara kwa mara.

Yaandikwe nini?

1. Makao. Mtoto anaishi kwa nani, na anasoma skuli gani na chuo gani.

2. Siku za kuzuru. Ratiba ya Jumamosi kwa Jumamosi haifai visiwani. Pangeni kwa likizo na kwa pepo. Likizo ya Agosti ya skuli za Kenya huangukia kusi; ile ndefu ya mwisho wa mwaka huangukia wakati wa kaskazi, safari inapokuwa nyepesi. Sikukuu mbili za Idi zaweza kugawanywa, moja kwa mama na moja kwa baba.

3. Makabidhiano. Bandari gani, mchana saa ngapi, na mtu mzima gani atafuatana na mtoto. Mtoto achukue nakala ya cheti cha kuzaliwa, ikiwa anacho, na barua ya ruhusa ya mzazi anayebaki.

4. Bahari ikichafuka. Tarehe ya badala itajwe. Aliyezuiwa na dhoruba asipoteze zamu yake, na asiitumie dhoruba kuwa kisingizio.

5. Matumizi. Kiasi gani, na siku gani ya mwezi. Yakitumwa kwa simu, ujumbe uhifadhiwe.

6. Simu. Siku na saa ya mtoto kuzungumza na mzazi aliye mbali.

Nakala ziwe tatu: ya mama, ya baba, na ya mzee au kadhi aliyeshuhudia.

Twaonya juu ya kosa moja tunalolisikia sana: "Hatoi matumizi, basi hamwoni mtoto," au, "Simwoni mtoto, basi sitoi matumizi." Haki hizi mbili hazibadilishwi kama samaki kwa unga. Zote mbili ni za mtoto, na ikikatwa moja, anayekosa ni yeye.

Polisi wana kazi gani?

Polisi hawaamui nani amlee mtoto. Hilo ni la kadhi au mahakama; nchini Kenya, maombi ya malezi hupelekwa katika Mahakama ya Watoto. Mtoto asiporudishwa siku iliyoandikwa, msiende kumpokonya kwa nguvu. Pigeni ripoti upande mlio, na jamaa aliye upande wa pili naye aripoti huko. Chukueni mapatano, picha ya mtoto, na habari za chombo: kiliondoka bandari gani na siku gani. Aliye Kenya aweza pia kupiga simu ya watoto, namba 116, bila malipo.

Palipo na kipigo au hofu ya mtoto kudhuriwa, msitosheke na suluhu ya baraza. Ripotini mara moja.

Maswali ya kujadili barazani

Je, kuna mtoto katika mtaa wenu anayesafiri baina ya wazazi bila maandishi? Nani anayeaminiwa na pande zote mbili kushuhudia makabidhiano? Kusi ijayo ikifika, mtoto huyo atakuwa upande gani, na nani anajua siku yake ya kurudi?