Kuchagua Spika za Kompyuta ya Nyumbani

Katika likizo iliyopita nilipewa kazi na watu wa nyumbani kwetu Ndeeba, nayo ni kununua spika za kompyuta. Kaka yangu alikuwa ametuletea kompyuta ya mezani, ya mtumba lakini nzima, ila haina sauti hata kidogo. Tulichanga shilingi 90,000, na sehemu kubwa ilitoka kwa mama, ambaye huuza matoke. Kwa hiyo nilikwenda mjini nikijua ya kuwa tukinunua kitu kibovu hatutanunua kingine mwaka huu. Nayaandika niliyoyapata, maana wenzangu wengi, na hata ninyi mliomaliza zamani, mtaombwa ushauri wa namna hii.

Kwanza mtu na ajiulize anataka kusikiliza nini. Sisi hatukutaka ngoma. Mdogo wangu yuko Senior Two, naye anasoma Kiswahili kama mimi. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali mwezi wa Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini mtaani kwetu, kama mjuavyo, ni Luganda asubuhi hata usiku. Masikio yetu hujifunza kutoka habari na masomo yaliyorekodiwa. Basi haja yetu ilikuwa kusikia tofauti ya "thamani" na "samani". Tofauti hiyo ni ndogo sana. Herufi th, s na f ni upepo mwembamba tu, na nguvu yake iko juu, kwenye mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Simu za zamani zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, ndiyo sababu mtu akitaja jina lenye s ulidhani ametaja f. Spika inayonguruma chini na kufifia juu hukuletea shida hiyo hiyo mezani.

Nilianza katika maduka ya William Street. Muuzaji mmoja alinionyesha spika mbili ndogo, kila moja kama kopo la maziwa, na juu ya sanduku imeandikwa wati 1,200. Nikazigeuza nyuma, nikasoma: volti 5, ampea 1. Darasani tumefundishwa kwamba volti mara ampea ndizo wati. Hapo basi zinaingia wati 5. Je, wati 1,200 zitatoka wapi? Nilipomwuliza alicheka akasema, "Ssebo, hiyo namba ya kwenye sanduku hata mimi siiangalii."

Namba kubwa za namna hiyo mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO. Hakuna kanuni moja iliyokubaliwa ya kuipima, kwa hiyo kila mtengenezaji huandika apendavyo. Tafuta herufi RMS, ambazo husema nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Wala usiogope ikiwa ni wati 3 au 5 tu. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio halioni kitu kikubwa. Ili sauti ionekane imezidi maradufu, wati ziongezwe karibu mara 10. Tena mtu wa kompyuta hukaa karibu na spika zake, pengine chini ya mita 1. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu umepata desibeli 6 bila malipo.

Kinachostahili kutazamwa ni koni. Tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walipoeleza spika ya aina hii mwaka 1925, kazi yake haijabadilika: koili ya waya iliyo ndani ya sumaku husukuma koni, na koni husukuma hewa. Koni ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Ndiyo maana watu hununua sabufa. Sabufa ni nzuri kwa mwenye nyumba yake. Sisi tunaishi katika vyumba vya kupanga vilivyofuatana, ukuta mmoja kwa watu wawili, na sauti nzito hupenya ukuta kuliko nyembamba. Jirani yetu ni mlinzi, hulala mchana. Sabufa niliiacha bila majuto.

Sasa namna ya kujaribu. Nilikuwa nimeweka katika simu habari za Kiswahili za dakika 2, zilizosomwa na mwanamke na mwanamume. Katika kila duka niliomba zichezwe hizo, si muziki wa muuzaji, kwa maana muziki wake umechaguliwa kuficha aibu. Nilisikiliza kwa sauti ndogo, kisha ya katikati, kisha kubwa mpaka mwisho. Nyingine zilikwaruza zilipofika kubwa. Mbili zilisema "samani" kila mara. Duka moja lilikataa kuzifungua kabla ya kulipwa, nikaaga.

Nyaya pia zina mambo yake. Spika zetu zina waya mmoja wa USB wa umeme na mwingine wa sauti wenye kichwa cha milimita 3.5, hakikisheni kompyuta yenu ina tundu hilo. Zikivuma kama nyuki, jaribuni kuchukua umeme kutoka chaja ya simu badala ya kompyuta, mara nyingi uvumi hupungua. Za bluututhi hazina waya wa sauti, lakini sauti huchelewa kidogo, na katika picha mtu hufumba kinywa kabla neno halijafika. Spika zilizotolewa katika redio kuukuu hazifai kuchomekwa moja kwa moja, zinataka amplifaya.

Nilizonunua zilikuwa shilingi 55,000 baada ya kupatana. Nimeziweka sawa na masikio, si sakafuni, moja kushoto na moja kulia, umbali wa kati yao ukilingana na umbali wa kufika kwangu. Nilizitoa pembeni mwa ukuta, kwa sababu pembe huzidisha mngurumo. Fedha iliyobaki mama aliichukua. Mvua ya radi ikianza, mdogo wangu ndiye mwenye kazi ya kung'oa plagi ya kompyuta.