Dai ripoti ya ukaguzi wa zahanati yako

Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, mja mzito wa Chara, kwenye Delta ya Tana, hana hospitali mbili za kuchagua. Atapelekwa penye njia: zahanati ya karibu, au mtumbwi kwanza halafu gari hadi Garsen au Ngao. Kwa hiyo swali la ubora wa kituo cha afya huulizwa kiangazi, barabara ikipitika na uchungu haujaanza. Na wewe mwananchi una haki ya kuliuliza na kupewa jibu la maandishi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, huduma za uzazi zikiwemo, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mahakama Kuu ya Bungoma ilionyesha uzito wa maneno hayo mwaka 2018. Mama mmoja alikuwa amejifungua sakafuni mwa hospitali ya rufaa ya kaunti hiyo mwaka 2013, kisha wauguzi wakampiga na kumtukana. Mahakama iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Lawama haikuishia kwa wauguzi. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zilipatikana na makosa pia, kwa kutohakikisha kwamba viwango vya huduma vinatekelezwa na kufuatiliwa. Ndiyo maana nasema ripoti ya ukaguzi si karatasi ya wakubwa peke yao.

Ukiingia kituoni, cha serikali au cha mtu binafsi, anza na ukuta. Tafuta leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, maarufu kama KMPDC. Hutolewa kwa mwaka, basi soma mwaka wake, jina la kituo na ngazi yake. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ngazi ya 3. Kliniki ya ngazi ya 2 ikikuambia itakupasua hapo hapo, ondoka. Wahudumu nao wana leseni zao: muuguzi ya Baraza la Wauguzi, ofisa wa kliniki ya baraza lake, muuza dawa ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kuomba kuona leseni ya mhudumu si kumvunjia heshima. Aliyehitimu hana sababu ya kuificha.

Leseni ni mwanzo tu; kituo nacho hukaguliwa. Tangu 2016 wakaguzi wa vituo vya afya wana orodha moja ya pamoja ya ukaguzi iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, nayo hutoa alama. Ilijaribiwa kwa upana katika kaunti za Kakamega, Meru na Kilifi, hii ya mwisho ikiwa jirani yetu ambako wengi wa Delta hukimbilia, hasa Malindi. Vituo 1,348 viliingizwa katika jaribio hilo. Pale ukaguzi ulipofanywa mara kwa mara na vituo visivyo na leseni vikafungwa, usalama wa wagonjwa uliongezeka, wala wagonjwa hawakutozwa zaidi. Kwa hiyo anayekwambia ukaguzi ni usumbufu tu unaopandisha bei, mjibu kwa mfano huo wa jirani.

Mengine utayaona bila ripoti. Je, kuna maji na sabuni pale nesi anapodunga sindano? Sindano zilizotumika zinatupwa katika boksi gumu, au zinalala kwenye ndoo? Leba ina taa usiku? Nani yuko zamu baada ya magharibi, na mgonjwa akizidiwa mvua ikinyesha, anasafirishwa kwa chombo gani? Hili la mwisho kwetu lina uzito kuliko rangi ya ukuta. Lakini tuwe waadilifu. Muuguzi mmoja anayehudumia vijiji kadhaa bila maji ya bomba si mkosaji. Upungufu huo ni wa kaunti, na malalamiko yaelekezwe huko.

Ili uipate ripoti yenyewe, iandikie barua Idara ya Afya ya Kaunti ya Tana River, Hola. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, bila kueleza sababu na bila ada ya maombi. Unaweza kugharamia kurudufisha karatasi tu. Maneno haya yanatosha: "Mimi ni raia wa Kenya, mkaazi wa Chara. Naomba nakala ya ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa zahanati yetu, tarehe yake, kasoro zilizoonekana, na hatua zilizochukuliwa baada yake." Usiyaache hayo maneno ya mwisho. Kasoro iliyoandikwa mara tatu bila kurekebishwa ni ushahidi mkubwa. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na ofisa analazimika kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Kwa kituo cha mtu binafsi, haki hiyo ipo pia pale unapoihitaji habari ili kulinda haki yako nyingine.

Ukiwa na lalamiko la jinsi ulivyotibiwa, kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinataka kila kituo kibandike utaratibu wa malalamiko mahali panapoonekana. Anza hapo, kisha nenda kwa baraza la taaluma husika. Jambo likiwa la kijiji kizima, andikeni ombi kwa bunge la kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Barua yako ya kuomba ripoti itoe nakala mbili, na ya kwako igongwe mhuri wenye tarehe. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Ikinyamaza, sheria inahesabu kwamba imekataa, nawe una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman.