Kidonge cha Parkinson na saa ya kukinywa

Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson akinywa levodopa pamoja na mayai na glasi ya maziwa, huenda akabaki amekakamaa hadi adhuhuri, na lawama zote zikaiangukia dawa. Kabla ya kumwomba daktari aongeze dozi, tazama kwanza sahani.

Mwaka 1957 huko Uswidi, Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza akiba ya dopamini. Wakalala tuli. Alipowadunga levodopa, wakainuka. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, jijini Vienna, wakapima ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson, wakakuta dopamini imepungua mno katika sehemu za ndani zinazoongoza mwendo. Mbona basi mgonjwa hapewi dopamini yenyewe? Haitoki kwenye damu ikaingia ubongoni. Levodopa huingia, ikageuzwa dopamini hukohuko, lakini hupita mlango mmoja na protini iliyokwisha kusagwa tumboni. Nyama ikitangulia, dawa hupanga foleni.

Kwa hiyo mpe kidonge kwa maji matupu, nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Akipata kichefuchefu, biskuti kavu mbili zinatosha. Vidonge vya madini ya chuma visinywewe wakati huohuo, maana hupunguza nguvu ya levodopa. Vitenganishe kwa saa kadhaa. Wala usimnyime mzee samaki na maharage, atakonda bure. Muulize daktari kama inafaa sehemu kubwa ya protini ihamie chakula cha jioni.

Daftari la kawaida litakusaidia kuliko kumbukumbu. Andika hivi: saa moja asubuhi, kidonge, saa moja na nusu, anafunga vifungo vya shati mwenyewe, saa nne, mkono umeanza kutetemeka. Siku chache za maandishi ya namna hiyo humwonyesha daktari kama dawa inaisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, jambo ambalo hawezi kuliona katika dakika chache za kliniki.

Upupu, naam, ule unaowasha ngozi, una levodopa ya kweli ndani ya mbegu zake. Ila kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na kuuchanganya na vidonge bila daktari kujua ni kuzidisha dozi gizani.

Dawa isikatishwe ghafla hata ikionekana haisaidii: mwili unaweza kukakamaa vibaya na homa kali ikapanda. Akilazwa kwa sababu nyingine, nenda na vidonge vyake pamoja na ratiba, na mwambie muuguzi mapema kwamba ana Parkinson. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya kutuliza fadhaa huziba kazi ya dopamini; uliza kama kuna mbadala kabla sindano haijavutwa.