Bustani Ikijengwa, Kima Apite Wapi?

Kima wa City Park, Parklands, hawana haja ya kushuka chini kila mara. Husafiri tawi kwa tawi. Ndiyo maana mti mmoja ukikatwa ili kupanua njia au kupitisha bomba, kinachopotea ni zaidi ya mti mmoja. Njia yao imekatika. Watalazimika kushuka, na huko chini kuna mbwa, magari na watu waliobeba chakula.

Madhara mengi ya ujenzi ndani ya bustani au msitu wa jiji hayaonekani siku mabati ya mkandarasi yanapozungushwa. Chukua mizizi. Ile inayofyonza maji kwa wingi iko karibu na uso wa ardhi, nayo huenea kupita kivuli cha matawi. Malori ya kokoto yakiegeshwa juu yake, udongo hushindiliwa, na hewa na maji huingia kwa shida. Mti huo huenda ukaanza kukauka miaka kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshalipwa na kuondoka. Uzio wa muda kuzunguka mti ungetosha kuuokoa, lakini mara nyingi hakuna anayeudai.

Ndege nao huitana kwa sauti, na mashine huzimeza sauti hizo. Anayetembea asubuhi hupoteza njia yake. Ndege huweza kuacha kiota chenye mayai.

Barabara ya Southern Bypass ilipokata Msitu wa Ngong Road, mnyama asiye na mabawa alibaki na lami ya kuvuka. Kule Diani, Kaunti ya Kwale, madaraja ya kamba yamefungwa juu ya barabara ili mbega na kima wavuke salama. Ni msaada mzuri, ingawa matawi yanayogusana yanabaki kuwa bora.

Sheria inampa mkazi nafasi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka miradi iliyoorodheshwa humo ipate leseni ya NEMA kabla ya kazi kuanza. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha kelele za ujenzi karibu na makazi: desibeli 60 mchana na 35 usiku. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa anaweza kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira katika muda wa siku 60. Na chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba, anayekwenda mahakamani kutetea mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Hata hivyo, pa kuanzia ni kikao cha ushirikishaji wa umma, kabla ramani haijapitishwa. Uliza miti ipi itakatwa, malori yataegeshwa wapi, wanaotembea watapitia wapi, na kama kazi ya kukata miti inaweza kusubiri ndege wamalize kutaga na kulea makinda. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.