Ngumi Iliyotangulia Vita: Njeo na Ngeli katika Majalada ya Katuni za Mashujaa, 1941–1945

1.0 Utangulizi

Makala hii inahusu majalada ya vitabu vya katuni vya mashujaa vilivyochapishwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na namna mkusanyaji aliye mbali na nchi hiyo, tuseme hapa Nyegezi, anavyoweza kuyasoma. Maandishi mengi kuhusu ukusanyaji wa vitabu hivi hushughulikia bei, uadimu na hali ya nakala. Mambo hayo yana umuhimu wake, nasi tutayagusa mwishoni. Hata hivyo, yanaliacha kando swali ambalo mwanaisimu hawezi kuliepuka: je, jalada linasema nini, na linasema kwa kitenzi cha namna gani?

Yamkini msomaji atauliza kama hili ni suala la idara ya Kiswahili. Tunaamini ni suala lake kabisa. Mchoro hauna njeo wala ngeli. Lakini mara tu Mswahili anapotaka kumweleza mwenzake kilichochorwa, lugha yake inamlazimisha kuchagua: anampiga, amempiga, alimpiga au na ampige, mtu huyu, jitu hili au kijitu hiki. Kila uchaguzi ni uhakiki wa picha, hata kama msemaji hakukusudia kuhakiki.

2.0 Njeo ya ngumi

Tuanze na jalada linalojulikana kuliko yote ya kundi hili, yaani lile la toleo la kwanza la Captain America Comics, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Toleo hilo lina tarehe ya Machi 1941, ingawa lilianza kuuzwa Desemba 1940. Shujaa aliyevaa rangi za bendera ya Marekani ameingia katika chumba cha wakuu wa Ujerumani, naye amempiga Hitler ngumi ya taya. Askari wanamfyatulia risasi, na moja inagonga ngao yake. Karibu nao kuna ramani ya Marekani na mipango ya hujuma. Bei ni senti 10.

Tazama tarehe. Marekani iliingia vitani Desemba 1941, baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor tarehe 7 ya mwezi huo. Kwa hiyo ngumi hii ilitangulia vita ya nchi yake kwa mwaka mzima hivi. Zaidi ya hayo, tukio lililochorwa halimo ndani ya kitabu. Msomaji aliyefungua kurasa akilitafuta hakulipata. Simon na Kirby, wote wawili wana wa familia za Kiyahudi, walichora jambo ambalo serikali yao ilikuwa haijaliamua na ambalo hata hadithi yao wenyewe haikulisimulia. Walipokea vitisho kutoka kwa Wamarekani waliompendelea Hitler.

Kwa umbo, basi, picha hii ni ya -me-: mkono umekwisha kufika, kichwa kimekwisha kurudi nyuma. Kwa maana, ni kitenzi chenye kiishio -e: na ampige! Hapa ndipo penye nguvu ya jalada, na hapa ndipo wengi wanaolisifia usanii wake wanapopita haraka mno. Husifu jinsi mwili wa shujaa unavyoikata picha kwa mshazari, jinsi nyekundu na buluu zinavyogombana na rangi ya udongo ya sare za askari. Sifa hizo ni za haki. Lakini mshazari ule unafanya kazi ya kisarufi: unalisogeza tamanio mpaka lionekane kuwa limetimia. Babu anayemwombea mjukuu wake hufanya jambo la jinsi hiyo anaposema "umepona" wakati homa bado iko juu.

Baada ya Desemba 1941 umbo lilelile likabadilika maana. Sasa vita ilikuwa sera ya taifa, na ngumi ikawa amri: piga! Ndiyo sababu majalada ya miaka 1942 hadi 1945, kwa maoni yetu, mara nyingi ni dhaifu kwa hoja hata yanapokuwa bora kwa ufundi. Kuamuru kile ambacho kila mtu amekwisha kukiamua hakuhitaji ujasiri mkubwa.

Mfano wa Superman unathibitisha pengo lililokuwapo kati ya jalada na hadithi. Katika jalada la toleo la 17 la mwaka 1942, Superman amesimama juu ya dunia akiwa amewanyanyua Hitler na kiongozi wa Japani, kila mmoja kwa mkono mmoja. Mwaka huohuo, katika katuni za magazetini, waandishi wake walikuwa na tatizo: shujaa asiyeshindwa akienda vitani, vita ingekwisha siku moja, na wasomaji walijua kwamba haijaisha. Suluhisho lao lilikuwa kumfanya Clark Kent ashindwe uchunguzi wa macho alipotaka kujiandikisha jeshini, kwa kuwa macho yake yalipenya ukuta na kusoma herufi za chumba cha pili. Hadithi, ambayo inatawaliwa na -ka- na lazima tukio lizae tukio, haikuweza kusema uongo huo. Jalada halina tukio la pili, kwa hiyo liliweza.

3.0 Ngeli ya adui

Mchoraji ambaye wakusanyaji humtaja zaidi kwa majalada ya vita ni Alex Schomburg, aliyezaliwa Puerto Rico mwaka 1905 na kufariki mwaka 1998, aliyeichorea kampuni ya Timely majalada mengi mno. Majalada yake yamejaa pomoni: mizinga, minyororo, mitambo, mateka waliofungwa na mashujaa wanaotumbukia kutoka juu. Jicho halina pa kupumzika. Mtu anaweza kulitazama jalada moja la Schomburg kwa nusu saa na bado akagundua askari mdogo pembeni.

Lakini humohumo ndimo mkusanyaji wa Kiafrika anapokutana na jambo linaloumiza. Hitler, hata anapodhalilishwa, anabaki mtu mmoja mwenye sura yake na jina lake. Yumo katika ngeli ya A-WA. Askari wa Kijapani huchorwa kwa wingi, wana meno marefu na ngozi ya manjano isiyo ya binadamu yeyote. Hao wameondolewa katika A-WA na kutiwa katika ngeli ya ukubwa wa kutisha: majitu haya. Kuna na uhamisho wa tatu. Katika Young Allies Comics, iliyoanza mwaka 1941, mmoja wa vijana wanaomsaidia shujaa ni mtoto mweusi aitwaye Whitewash Jones, jina ambalo lenyewe ni dhihaka, maana yake chokaa ya kupaka ukutani. Yeye yuko upande wa haki, anapigana na Wanazi, lakini amechorwa midomo na macho ya kuchekesha: kijitu hiki.

Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11 walipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw huko Burma. Wazee wetu waliwaita askari wa namna hiyo keya, neno lililotokana na herufi za jina la Kiingereza la jeshi lao. Mjukuu wa keya akilitazama jalada la Young Allies anamwona mtu wa upande wa babu yake akiwa amepunguzwa hadi KI-VI. Kusema kwamba huo ulikuwa mtindo wa zama zile hakutoshi. Mwaka 1945 wanafunzi wa New York walituma ujumbe kwa wachapishaji wa Captain Marvel kumlalamikia mtumishi mweusi aitwaye Steamboat, na mhusika huyo akaondolewa. Zama zilezile, basi, zilikuwa na watoto walioona.

4.0 Nduli na upatanisho wake

Sisi wa kando ya Ziwa tuna kipimo chetu cha kulinganishia. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alitangaza vita katika hotuba ya tarehe 2 Novemba, na neno nduli likaenea nchi nzima. Kimaana ni neno kali: katili, muuaji. Kiumbo linafanana na majina ya ngeli ya I-ZI, lakini upatanisho wake ni wa viumbe hai: nduli huyu ameingia, kamwe si *nduli hii imeingia. Sarufi haikukubali kumtoa Amin katika A-WA hata alipokuwa adui. Aidha, neno lilimhusu mtu mmoja. Wananchi wa Uganda hawakuitwa manduli, na serikali ilisisitiza kwamba ugomvi haukuwa nao.

Vita hiyo ilifika hapa. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakati huo hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama kadhaa. Hakuna mchoraji wa majalada ya mashujaa ambaye angechora swala waliokufa kisiwani.

5.0 Nakala, unyevu na mchwa

Nakala za asili za miaka ile ni adimu kwa sababu karatasi yake ilikuwa duni, yenye asidi inayoigeuza manjano na kuifanya ivunjike, na kwa sababu Wamarekani walikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita. Mwaka 2022 nakala moja ya toleo la kwanza la Captain America Comics iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Mwalimu wa Nyegezi asijisumbue. Nakala zilizochapishwa upya zinatosha kabisa kwa uchunguzi wa mchoro. Anayetaka kutambua picha za toleo la kwanza aangalie ngao: pale ina pembe, na kuanzia toleo la pili ni ya mviringo, kwa kuwa ile ya awali ilifanana na ya shujaa wa kampuni nyingine.

Pesa na kabati zielekezwe kwingine. African Film, jarida la hadithi za picha la kampuni ya Drum, lilimleta Lance Spearman mikononi mwa vijana wa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alifuata njia hiyo na Film Tanzania. Kisha Sani ikatupatia akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, ambao hawana nguvu zozote za ajabu. Majarida haya yamefungia karanga, yameliwa na mchwa, yameoza kwa unyevu wa Ziwa. Yanayosalia yawekwe yakiwa yamelala, ndani ya bahasha, juu ya rafu isiyogusa ukuta, wala yasibandikwe utepe wa gundi, kwani gundi hula wino.

Kila jalada liandikiwe kadi yenye sentensi mbili, ya kwanza kwa njeo ya leo, ya pili kwa kitenzi cha siku lilipouzwa. Kwa lile la Machi 1941 kadi itasomeka hivi: Shujaa alimpiga Hitler. Na ampige.