Historia kwa Vibonzo: Somo kwa Ndugu Zetu Wadogo
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kusikia si kuona. Historia wengi wetu tumeisikia tu, hatujaiona. Mwalimu anaandika mwaka ubaoni, sisi tunaumeza, na mtihani ukiisha mwaka nao umetoka kichwani. Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wadogo wa shule ya msingi. Katika makala haya nitaeleza jinsi hadithi za picha, yaani vibonzo vinavyofuatana, zinavyoweza kuwafundisha historia, na jinsi ya kuzitumia bila kuwapotosha.

Kwanza kabisa, jambo hili si geni kwetu. Juha Kalulu wa Edward Gitau alisomwa katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Mwaka wa 1994 mchoraji Terry Hirst alitoa The Struggle for Nairobi, kitabu kinachosimulia historia ya jiji hilo kwa vibonzo. Mwaka wa 1996 Gado naye akatoa Abunuwasi kwa Kiswahili. Huko Afrika Kusini, maisha ya Nelson Mandela yalianza kutolewa kwa vibonzo mwaka wa 2005 ili vijana wayasome. Kwa hivyo mtu asituambie ati vibonzo ni vya kuchekesha tu.

Je, vibonzo vinasaidiaje? Hebu tutazame mfano mmoja. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, aliyepinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume waliosita, akawaambia wampe suruali zao wao wachukue nguo yake. Polisi wakafyatua risasi, na Muthoni akawa miongoni mwa waliouawa. Katika daftari hayo ni mistari mitano. Katika vibonzo mtoto anaona lango, bunduki, umati, na mama aliyesimama mbele. Hapo ataanza kuuliza mwenyewe: kwa nini hakuogopa? Swali likishatoka kinywani mwa mtoto, somo limeanza.

Hata hivyo, picha ina hatari yake. Maneno yanaweza kusema "watu wengi waliuawa" yakaishia hapo, lakini mchoraji ni lazima achore wangapi. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walisema ni zaidi ya hapo sana. Mchoraji akichora watano, mtoto atakumbuka watano mpaka uzeeni. Akiubuni uso wa Muthoni, mtoto ataamini ndio wenyewe. Waama, picha haina haya: inadanganya huku imekukodolea macho.

Kwa sababu hiyo napendekeza somo lifuate hatua hizi nne:

1. Watoto wasome ukurasa wa vibonzo kimya kimya, halafu wausimulie kwa maneno yao.

2. Kwa kila kisanduku waulize: mchoraji amejuaje? Yaliyo na ushahidi yawekewe alama moja, aliyobuni yawekewe nyingine.

3. Mwalimu alete habari hiyo hiyo kutoka kitabuni au gazetini, wailinganishe na picha.

4. Watoto wachore ukurasa wao wa visanduku sita. Asiyejua kuchora aandike maneno ya wahusika. Penseli na karatasi zatosha.

Hatua ya nne ndiyo kubwa. Mtoto anayesoma anaweza kusinzia, lakini anayechora hawezi. Ni lazima ajue watu walivaa nini, walikaa wapi, nani alisema nini. Asipojua, itambidi aulize.

Na hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Sisi wa Landless tunaishi ndani ya jina lenye historia, kwani maana yake ni wasio na ardhi. Wakati wa ukoloni mji wetu wa Thika ulizungukwa na mashamba makubwa ya walowezi, ya kahawa na mkonge. Kila siku makanga anaita "Landless! Landless!" na watoto wanapanda, wala hakuna anayeuliza ni akina nani waliokosa ardhi, na waliikosaje. Majibu hayo yako kwa babu na nyanya zetu, na umri haumngoji mtu. Mzee akiondoka, anaondoka na kurasa zake zote.

Art Spiegelman wa Marekani alikaa na baba yake, akamhoji jinsi alivyonusurika mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, kisha akayachora. Kitabu chake, Maus, kilipewa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1992. Kilianza na mtoto aliyemuuliza mzazi wake, kazi ambayo hata wa gredi ya tano anaiweza.

Basi naliomba baraza la chama letu: likizo ijayo kila mwanachama amchukue mdogo wake mmoja, waende kwa mzee mmoja wa mtaa, wamsikilize, kisha wachore visanduku sita. Kurasa hizo tuzibandike ukutani, na wazee wenyewe waalikwe kuzisahihisha. Mwacha asili ni mtumwa.