Kupima Mwanga kwa Lenzi Pana

Muhula uliopita mwalimu aliniazima kamera yake ya filamu nimpige picha mpishi wetu siku ya kuagwa, akiwa na wanafunzi wote uwanjani. Lenzi yake ni ya milimita 21, nayo huona upana mkubwa. Filamu iliposafishwa, anga la Masumbwe lilitokea zuri na mawingu yake, lakini uso wa mpishi ulikuwa mweusi, hautambulikani. Naye amekwisha kwenda kwao. Kosa lilikuwa langu, na nalieleza hapa ili mwingine asilirudie.

Kwanza, lenzi pana huchukua anga kubwa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui uso wala wingu. Hujumlisha vyote na kutafuta wastani. Anga ling'aapo, kipimo hudhani pote pana mwanga mwingi, kikaamuru tundu dogo au kasi kubwa. Basi watu hupata mwanga haba. Dawa yake ni kuinamisha kamera ione watu na ardhi tu, kuziweka namba zile kwa mkono, ndipo uiinue na kupiga. Asiye na kipimo atumie kanuni ya kale: jua kali, filamu ya ASA 100, tundu f/16, kasi 1/125 ya sekunde. Watu wakiwa kivulini, afungue hadi f/5.6.

Pili, pembe za picha huingia giza. Katika lenzi sahili, mwanga ujao kwa mshazari wa nyuzi 45 hufika robo tu ya ule wa katikati. Lenzi iitwayo Hypergon, iliyotolewa Ujerumani na kampuni ya Goerz mwaka 1900, ilikuwa na nyota ndogo mbele yake, iliyozungushwa kwa kupuliziwa hewa, ili ipunguze mwanga wa katikati. Sisi tusio na chombo hicho tusimweke mgeni wa heshima pembeni.

Tatu, filamu ya kusafishia picha za karatasi huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Ukisita, ongeza kidogo.

Mwalimu ameniahidi filamu nyingine. Likizo ikifika nitamfuata mpishi kwao, na safari hii nitapima uso wake, si mawingu.